Digrii 200 kwa dakika ngapi? Mkonge, plastiki na joto la mashine

Kila anayepita karakanani akaona zile nguzo za uzio tunazotengeneza kwa plastiki chakavu na mkonge, swali lake la kwanza ni moja tu, mbona hamtumii zile chupa za maji? Si zimejaa? Na kweli zimejaa, hata hapa Moshi tunapojisifu usafi nchi nzima, subiri inyeshe mvua moja kubwa alafu nenda kaangalie mitaro inatema nini. Sasa nimechoka kujibu mmoja mmoja huku nimeshika spana, naandika hapa, nikiulizwa tena natuma linki naendelea na kazi.

Jibu fupi ni kwamba chupa ya maji inayeyuka kwenye digrii 250 mpaka 260 hivi na uzi wa mkonge ukifika huko na kukaa umeshaanza safari ya kuwa mkaa. Basi. Ila jibu hilo linazaa swali la pili na hilo ndo linanikera kidogo, maana watu wameokota mahali kwamba nyuzi za mimea zinavumilia mpaka digrii 200 na wanaishikilia hiyo namba kweli kweli, yaani 199 uko salama, 201 umeunguza. Haiko hivyo hata kidogo. Mtu akikwambia 200 muulize kwa dakika ngapi, na muulize tena hizo 200 kazipima wapi, kwenye saa ya mashine ile inayoonyesha joto au ndani ya plastiki yenyewe. Akikosa majibu ya hayo mawili hiyo namba yake haina kazi.

Tuanze na plastiki kwanza, hapa ni haraka. Madumu ya mafuta ya kula, kreti za soda na bia, hizo ni politheni ngumu, zinayeyuka kama 130. Viti vilivyovunjika miguu, ndoo nyingi, viroba vile vya kufumwa vya mahindi na mchele, hiyo ni polipropilini, inayeyuka 160 na kidogo. Politheni laini inaanza mapema zaidi, 105 mpaka 115, ila tangu mifuko ya kubebea ipigwe marufuku Juni 2019 tunayoipata ni vifungashio tu na mara nyingi vimejaa uchafu. Hizo tatu zinaelewana na mkonge. Nailoni ziko juu, ya chini kabisa kati ya zile za kawaida inaanza 220 hivi, kuna watu wenye mashine kali wanaijaribu na nyuzi za mimea lakini sio kazi ya karakana ya kwetu. Mabomba ya PVC mi sitaki hata yavuke geti, yakipata joto la kupitiliza yanatoa gesi ya asidi ya hidrokloriki, hiyo inakula mapafu yako, inakula chuma cha mashine, na asidi inakata selulosi, ile sehemu inayoupa mkonge nguvu, vilevile. Hasara tatu kwa kitu kimoja.

Alafu elewa kwamba joto la kuyeyukia sio joto la kufanyia kazi. Polipropilini ikiyeyuka pale 165 bado ni nzito, haipiti kwenye kalibu vizuri na haiingii katikati ya nyuzi, inazifunika kwa juu tu, ukija kuvunja nguzo unakuta mkonge unachomoka mkavu kabisa kama haukuwahi kukutana na plastiki. Kwahiyo lazima upandishe, 175, 180, wengine 190. Ndo hapo sasa, unatakiwa ufike karibu na pale mkonge unapoanza kuumia, bila kukaa. Dirisha lenyewe ni jembamba hivyo.

Sasa mkonge wenyewe. Kwa macho unaona uzi mmoja mweupe, lakini ndani kuna vitu kadhaa na kila kimoja kina mambo yake na joto. Sehemu kubwa ni selulosi, theluthi mbili na zaidi, hiyo ndo inabeba mzigo. Kuna hemiselulosi, ndugu yake selulosi ila dhaifu zaidi, kama sehemu moja ya kumi au zaidi kidogo, kuna lignini, ile inayogandisha vyote pamoja, inayokaribia hapo hapo, alafu pektini kidogo, nta kidogo, na maji. Jamaa yangu anayesoma Arusha alinionyesha grafu ya kipimo ambacho wanaweka nyuzi kidogo kwenye mizani iliyo ndani ya tanuru, wanapandisha joto polepole mizani inasoma uzito unavyopungua. Mwanzo unashuka kidogo kabla na baada ya 100, hayo ni maji yanatoka. Alafu mstari unatulia, unaenda umelala, ukiuangalia unasema aah kumbe hamna shida. Kwenye 220 hivi hemiselulosi inaanza kubomoka mpaka 315 imekwisha, selulosi inafuata kuanzia hapo 315 mpaka 400 na yenyewe inashuka kwa kishindo, lignini ndo ya ajabu, inaanza mapema, 160 tu, lakini inaenda taratibu mno mpaka kupita 800.

Mtu akiangalia hiyo grafu anatoka na ile namba yake ya 200, kwasababu mizani haijaonyesha kitu mpaka hapo. Shida ni kwamba mizani inapima uzito na sisi tunauza nguvu. Selulosi ni minyororo mirefu sana, ukiikata katikati vipande vyote viwili vinabaki pale pale ndani ya uzi, uzito haubadiliki hata gramu, lakini uzi umeshakuwa dhaifu. Hicho ndo kinatokea kwenye 180, 190, kimya kimya, mizani haina habari. Vipimo vilivyofanywa kwa nyuzi za kitani na za jute, ile ya magunia, vilionyesha kwamba chini ya 170 unaweza kuziacha hata zaidi ya saa nzima na nguvu ikapungua kidogo tu, ila ukivuka 170 nguvu inashuka kwa kasi na kadri unavyokaa ndo inavyozidi kushuka. Mkonge sio kitani lakini selulosi ni ile ile.

Waliowahi kukaanga kahawa wananielewa haraka hapa, na Moshi ni wengi. Huwezi kumwambia mtu kaanga kahawa kwa digrii fulani ukaishia hapo, muda ndo unaamua itoke kahawia ya kupendeza au itoke nyeusi chungu, na ukiongeza moto muda unapungua. Mkonge ni hivyo hivyo, dakika mbili kwenye 200 zinaweza zisikudhuru kitu cha maana na dakika 30 kwenye 185 zikakumaliza. Ndo maana viwanda vikubwa vya magari vinaweza kucheza na joto ambalo sisi tukilijaribu tunaunguza. Mercedes-Benz kwa mfano wameshaweka nyuzi za mimea, mkonge ukiwemo, kwenye sehemu za ndani za milango. Njia moja inayotumika sana kwa kazi za aina hiyo ni kuchukua mkeka uliochanganywa nyuzi za mmea na nyuzi za polipropilini, unapashwa haraka mpaka plastiki iyeyuke, unatupwa kwenye kalibu la baridi, unabanwa, dakika haijaisha vizuri umeshatoka na umbo. Joto kali, ila muda mfupi. Sisi huku mzigo unazunguka kwenye parafujo ya ekstruda, ile mashine ya kuyeyusha plastiki na kuisukuma, unasukumwa kwenye kalibu nene la chuma, na nguzo nene inachukua muda mrefu sana kupoa katikati. Nje umeshaimwagia maji unaishika kwa mkono, ndani bado inajipika. Kata nguzo nene kwa msumeno utaona, pembeni rangi ya mchanga, katikati kahawia. Hiyo kahawia ya katikati hukuiweka wewe, ni muda.

Na hapo bado hatujasema kuhusu saa ya mashine. Kwenye ekstruda kipima joto kimechomekwa kwenye chuma cha silinda, kinasoma chuma. Plastiki ndani inasuguliwa na parafujo, na ukishaweka nyuzi mchanganyiko unakuwa mzito, msuguano unaongezeka, msuguano ni joto. Kwahiyo saa inasema 180 na mzigo wenyewe unaweza kuwa umepita hapo kwa digrii kumi, ishirini, na ukiongeza spidi ili umalize oda mapema ndo unazidi kupandisha. Unajua nini kinachochekesha, wakati mwingine hita zinajizima zenyewe kwasababu msuguano peke yake unatosha, fundi anadhani hita imeungua anaanza kufungua nyaya. Dawa ni kuchukua kipima joto cha sindano ukachoma mzigo unapotoka mdomoni, hiyo ndo namba ya kuamini. Na kuna vile vikona ndani ya mashine ambapo mzigo unakwama haupiti, unakaa nusu saa, saa nzima, unakuwa mweusi, alafu siku unapojiamulia unachomoka kipande kizima kinaingia kwenye nguzo ya mteja. Kila tukimaliza kazi tunapitisha plastiki tupu bila mkonge mpaka itoke safi, mkonge haulali ndani ya mashine hata siku moja.

Kuna mzee fundi tunayefanya naye, tunamwita Babu, huyu hata kipima joto hana habari nacho. Anaingia asubuhi, shikamoo Babu, marahaba wajukuu, alafu ananusa. Ikinuka siki anasema punguzeni moto huko. Na yuko sahihi kikemia kabisa ingawa ukimwambia hivyo anacheka, kwasababu hemiselulosi ina vikundi vya asetili vimeshikamana nayo na joto likizidi vinachomoka vinakuwa asidi ya asetiki, ambayo ndo siki yenyewe. Hiyo asidi haiishii kunuka, inaendelea kukata minyororo ya selulosi na inachangia kutu kwenye kalibu. Kwahiyo harufu ya siki ni taarifa ya mapema, inakuja kabla hujaona moshi, kabla hujaona weusi. Ikishafikia kunuka sukari iliyoungua umechelewa.

Wateja na wao wana mambo yao. Nguzo iliyoungua kidogo inatoka rangi nzuri ya mbao na mtu anakwambia kabisa Mangi mi nipe zile za kahawia, zinafanana na mninga. Unamweleza kwamba ile rangi maana yake mkonge wa ndani umechoka, hakuelewi, anataka mninga. Siku hizi tunaweka rangi ya kawaida ya plastiki, kila mtu anafurahi.

Maji sasa. Hapa nitakaa kidogo kwasababu mi naamini kazi nyingi zinaharibiwa na maji kuliko moto, watu wanalaumu moto tu. Mkonge unaoonekana mkavu kabisa, umeuacha stoo, una maji asilimia 8 mpaka 12 ya uzito wake, na wakati wa masika kuanzia Machi mpaka Mei unaweza kuwa zaidi, ile hewa nzito inayoshuka toka mlimani unaihisi hata kwenye nguo. Chukua kilo 100 za mkonge wenye asilimia 10, hapo una lita 10 za maji umezificha. Lita moja ya maji ikiwa mvuke inakuwa zaidi ya lita 1,600. Sasa peleka hiyo kwenye plastiki ya digrii 180, mvuke unatafuta pa kutokea hauoni, unabaki kama mapovu, nguzo inatoka imejaa matundu ndani, inapima uzito mdogo na inavunjika kwenye tundu. Na mvuke wa moto nao unashambulia hemiselulosi, inaachia ile siki haraka zaidi kuliko kama mkonge ungekuwa mkavu. Kwahiyo unaunguza kwenye joto ambalo ungekuwa salama kabisa.

Tunakausha kwenye oveni, 80 mpaka 100 na kitu, masaa kadhaa, usiku kucha ikibidi, tukilenga ibaki chini ya asilimia moja au mbili. (Kuna aliyeniuliza kama Arusha ni rahisi zaidi kwasababu maji yanachemka mapema, ni kweli yanachemka 95 hivi kule na hapa Moshi 97 hivi, lakini kukausha hakusubiri kuchemka, usijisumbue.) La muhimu ni kwamba ukishatoa kwenye oveni uweke mashine siku hiyo hiyo, mkonge mkavu unanyonya unyevu wa hewa kwa fujo, ukiulaza wazi usiku mmoja umerudi ulipotoka au karibu na hapo. Kuna kafaida kamoja tu, nyuzi za mmea zikikaushwa vizuri vitundu vidogo ndani ya ukuta wake vinajifunga na baadhi havifunguki tena hata ukizilowesha, kwahiyo zinavimba kidogo kuliko mwanzo. Joto lina wema wake.

Na wema mwingine ni kwenye gundi. Polipropilini ni ya mafuta mafuta na mkonge unapenda maji, hazishikani zenyewe. Kuna polipropilini maalum iliyopandikizwa maleiki anhidraidi, unaweka kidogo tu, asilimia chache, upande mmoja unashikana na plastiki na upande wa pili unashikana na selulosi kwa muungano wa kikemia. Huo muungano unahitaji joto, ukifanya kazi baridi sana kwa kuogopa kuunguza unakuwa umenunua dawa ya bei alafu hujaiwasha. Ndo maana sipendi ushauri wa "shusha moto uwe salama". Shusha muda, shusha maji, moto uache pale unapofanya kazi.

Kuhusu kuosha mkonge kwa kostiki soda, ndio inasaidia, inatoa sehemu ya hemiselulosi na pektini na nta, na kwakuwa hemiselulosi ndo dhaifu kuliko wote kwenye joto basi mkonge uliooshwa unaanza kubomoka kwenye digrii za juu kidogo, na uso wake unakuwa wa kukwaruza, plastiki inashika vizuri. Ila ukizidisha ukali wa maji yale unakula selulosi yenyewe, na usiposuuza mpaka maji yatoke safi mabaki ya kostiki yanachochea kuungua ndani ya mashine, yaani umefanya kinyume. Na vaa glavu na miwani, hiyo kitu inaondoka na ngozi.

Hii inanileta kwenye migomba, kwasababu nusu ya watu wanaoniandikia wako na kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, na wanataka kujua kama nyuzi za mgomba zinafaa. Kila mgomba unazaa mkungu mmoja tu unakatwa, malighafi ipo bwerere, na kinachoenda kwa ng'ombe hakimalizi yote. Zinafaa, zina selulosi ya kutosha, lakini kwenye joto zinaharibika upesi kuliko mkonge na sababu mojawapo ni potasiamu. Mgomba umejaa potasiamu, na potasiamu inaifanya selulosi ianze kubomoka mapema, kwenye digrii za chini kuliko kawaida. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa inatoka kwa maji ya kawaida tu, unaloweka, unabadilisha maji, unaloweka tena, sio lazima kostiki. Mi kama ningekuwa naanza na mgomba ningeuweka na politheni ya madumu kwanza, unafanya kazi 150, 160, hapo una nafasi ya kupumua, polipropilini baadae.

Kuna mtu atasema mbona vishikio vya sufuria na soketi za zamani vilikuwa na unga wa mbao ndani na haviungui. Kweli kabisa, ile Bakelite aliyoibuni Leo Baekeland mwaka 1907 mara nyingi ilichanganywa na unga wa mbao, na gari la Trabant la Ujerumani Mashariki bodi yake ilikuwa resini ya fenoli na pamba. Lakini zile ni plastiki za aina nyingine, hazisubiri kuyeyuka kwenye joto kubwa, zinakuja laini zinakomaa ndani ya kalibu kwenye 150 mpaka 180 kwa dakika chache na zikikomaa hazirudi tena. Na pamba ni karibu selulosi tupu, ile hemiselulosi ya kuleta siki ni kidogo sana. Mkonge wetu ulioletwa Tanga na Richard Hindorf mwaka 1893 ulikuja kwa ajili ya kamba za meli, hakuna aliyewaza utakuja kukutana na viti vilivyovunjika kwenye digrii 180.

Anayetaka kujaribu kabla ya kununua mzigo mkubwa afanye hivi, haihitaji maabara. Chukua mkonge wa fungu moja, gawanya mafungu manne, kausha yote sawasawa. Moja liache, matatu yaingize kwenye oveni kwa lile joto unalotarajia kufanyia kazi, na hakikisha oveni kwa kipima joto cha pembeni maana vitufe vya oveni za nyumbani vinadanganya vibaya, toa la kwanza baada ya dakika 5, la pili 15, la tatu 30. Acha yapoe yarudi kwenye hewa ya kawaida. Alafu toa uzi mmoja mmoja, funga kikopo kwa chini, mimina maji polepole mpaka ukatike, pima yale maji. Uzi mmoja mzuri unaweza kubeba kilo na kitu. Zinatofautiana sana zenyewe kwa zenyewe kwahiyo usiamini uzi mmoja, fanya nyingi uchukue wastani. Ukiona la dakika 15 limeanza kubeba kidogo kuliko lile uliloliacha, angalia mzigo wako unakaa dakika ngapi toka unaingia mashine mpaka katikati ya nguzo inapoa, kama ni zaidi ya hizo badilisha unene wa nguzo kwanza kabla hujagusa hita.